Site ya Viti Ndani ya Simu ya Safiya

2 septembre

Asha alinipa hii kaye, daftari ya shule. Anasema: papa, kila siku ufungue site ya depo ya viti ndani ya simu yako, uandike ile inakataa. Ile inaenda, usiandike.

Mi niliachia masomo ku cinquième primaire, darasa ya tano. Nilimuambia. Anasema haiko dictée.

Bon. Naanza.

Jina: Feruzi. Kazi: kubeba viti, bashi ya kivuli na marmites ya kupikia ya Mama Micheline, na pousse-pousse ya kusukuma na mikono, hapa Kabondo. Batu ya ndoa na batu ya matanga banakodisha kwake. Bibi yangu Safiya alikufa, miaka mbili sasa. Mutoto ni moja, huyu Asha. Alimaliza graduat ya informatique, masomo ya ordinateur. Mama Micheline alimuambia: unitengenezee site. Kama majira ya mvua inaisha na batu banaitisha viti kwa site bila makelele, unaingia ku biro yangu, unakamata kazi. Kama hapana, hapana.

Kama hapana, anaenda Kindu, muji ingine, kwa mujomba yake. Mujomba iko na cyber, duka ya internet, kule. Anamungojea.

Leo: maandishi iko ndogo sana.

3 septembre

Nilifungua site saa ya kupumzika. Ku ordinateur ya Asha niliiona, iko muzuri kama kitambaa ya sikukuu. Ku simu ni ingine kitu. Maandishi kama mayai ya chawa. Nikipanua na vidole mbili, inakuwa mukubwa lakini inatoka inje ya kioo. Nasukuma kushoto, nasukuma kuume, kama mutu anapitisha pousse-pousse ku mulango ya kuku.

Foto ya kwanza ilichelewa. Nilipakia viti makumi ine, nikarudia kuangalia. Ilikuwa imefika ku kichwa ya bibi-arusi. Bado mwili.

Valère, mwenzangu wa kazi, mutoto ya Wagenia, wavuvi ya maporomoko, aliangalia juu ya bega yangu.

"Papa Feruzi, huyu bibi-arusi anashuka kutoka mbinguni ao?"

Foto iko zito.

4 septembre

Simu iko ya Safiya. Kioo ilipasuka kona moja. Mama Micheline njo alisema Asha apime site ndani yake. "Kama inafunguka ku simu ya Papa Asha, itafunguka Kisangani muzima."

Alisema na ile sauti yake. Mama huyu iko na sauti kama msumeno.

Lakini ni kweli. Batu ya hapa habana ordinateur. Beko na simu, mega kidogo ya internet, na jua ku macho.

Jua pia: maandishi ni ya kijivu. Inje siyaone.

5 septembre

Mvua. Kioo inalowana, kidole inateleza. Nilitaka kufinya "marmites", ikafungua "kuhusu sisi". Sikuwa nataka kujua kuhusu sisi.

8 septembre

Asha alipunguza foto. Sasa bibi-arusi anashuka mbio.

9 septembre

Kuna karatasi inaruka ku kioo: Karibu sana kwa Maison Micheline. Inafunika yote. Ile X ya kuifunga iko inje ya kioo. Nilifinya kila fasi. Nilizima simu, nikawasha. Karibu sana. Ni kama mwenye nyumba anakukaribisha na anaziba mulango na tumbo yake.

10 septembre

Karibu ilitoka. Asha alisoma kaye tu, akatengeneza. Njo namna tunaongea sasa. Ku meza tunakula lituma ya ndizi na samaki, kila mutu kimya. Tangu mama yake alikufa tuko vile. Lakini naandika, kesho yake naona jibu ndani ya simu.

Vidole yangu iko mukubwa, bouton iko ndogo. Finya moja, unafinya tatu.

11 septembre

Bouton zilinenepa.

15 septembre

Leo tuliosha viti ya buluu. Naandika hii sababu Asha aliuliza, anataka kuiweka ku site.

Viti ya buluu ni ya matanga. Nyeupe ni ya ndoa. Haichangane hata siku moja. Buluu ikirudi tunaiosha na mayi na majani ya citronnelle, tunaipanga upande yake ya ukuta. Hakuna mutu Kisangani atakala siku ya ndoa yake ku kiti yenye balikala batu ya kulia.

Kubeba pia iko na namna yake. Mama Micheline njo alitufundisha. Ukipeleka buluu, unatoa kofia ku mulango, hauongee, hauulize maneno mingi, unasema pole, unapanga viti polepole bila kupiga kelele. Ukipeleka nyeupe, kiti ya kwanza unakala wewe mwenyewe, unacheka na nguvu, njo unaachia wenyewe. Mama anasema kiti ikianza na kicheko, inaendelea vile. Valère iko na kicheko muzuri. Yangu si sana.

Asha, hii usiweke ku site: njo namna niliingia kazi hii. Matanga ya mama yako, viti ilitoka kwa Mama Micheline. Siku ilipoisha, niliosha viti yote mwenyewe, nikairudisha mwenyewe, safari tano. Sikujua ya kufanya na mikono yangu. Mama Micheline alihesabu akasema: "Mutu yenye anaosha viti ya kilio yake mwenyewe, akuye kesho asubui." Nilikuya. Sikuuliza kazi gani.

16 septembre

Hakuna.

20 septembre

Site ilikataa kabisa. Inafunguka, inakufa. Simu inasema mémoire iko imejaa. Asha alisema: "Papa, futa vitu. Foto, sauti, ile hautumie."

Nilisema hapana.

"Papa, ni simu, haiko sanduku."

Nilisema hapana, nikaenda kuswali.

21 septembre

Site inakufa.

22 septembre

Inakufa. Asha alikasirika. Alisema namna gani atapima site ku simu yenye imejaa, na mvua haitamungojea yeye. Alikamata simu ku mukono yangu afute mwenyewe.

Alifungua. Aliona.

Ni sauti. Sauti za Safiya, alikuwa ananitumia na simu hii, niko ku kazi yangu ya zamani. Ziko mia mbili na kitu. Sikuzihesabu vizuri, nilifika mia nikaachia.

Asha alifinya moja. Safiya akasema: "Papa Asha, ukirudia pitia kwa mama ya kona ulete chumvi. Usilete ile ya jana, ile ilikuwa mchanga. Asha anasema iko na njala. Huyu mutoto anakula kama mufanyakazi wa bandari." Halafu anacheka. Halafu inakatika.

Asha alikala chini, ku mukeka. Alinirudishia simu. Akasema: "Naweza kuzikopia ku ordinateur, papa. Hakuna itapotea."

"Ile ordinateur yako ilizimika mara ngapi hii mwezi?"

"Mara ine."

"Bon."

Alicheka, na alikuwa analia. Nilienda kuchota mayi.

23 septembre

Hakuna site. Asha anafanya kazi.

24 septembre

Vile vile.

27 septembre

Site ilifunguka. Sikufuta hata sauti moja. Nilimuuliza alifanya nini. Anasema: "Sikuweza kutoa mama. Nilitoa vitu yangu." Alitoa bibi-arusi anazunguka, alitoa muziki, alitoa maua ilikuwa inaanguka, alitoa herufi ya kujikunja. Kila foto ilikonda. Anasema sasa site muzima iko nyepesi kuliko ile sauti ya chumvi.

Anasema pia: "Batu wengi simu yabo imejaa vile. Kila mutu iko na mutu yake ndani."

Mutoto huyu iko na akili. Sikumuambia. Nimeandika.

2 octobre

Namba ya depo iko ndani ya foto ya pancarte, bango ya inje. Nikifinya namba, haipige. Ilibidi niandike namba ku mukono na makala ya kupikia ndipo nipige. Valère anauliza kama niko na deni na mukono yangu.

4 octobre

Sasa unafinya namba, simu inapiga. Nilipiga mara tatu kuona. Mara ya tatu Mama Micheline alisema: "Papa Asha, uko mbele yangu."

7 octobre

Mvua siku muzima. Hakuna.

11 octobre

Leo site iko bien.

12 octobre

Iko bien. Asha aliimba asubui akipika chai. Ni zamani sijasikia ile.

13 octobre

Bien.

18 octobre, siku ya posho, Jumamosi

Nitaandika yote.

Asubui commande ya kuitisha viti ilikuya kwa site. Ya kwanza mukubwa. Asha aliruka, akakopia ku karatasi: Papa Dominique, commune Tshopo, viti mia moja makumi tano, modèle B, bashi mbili. Mama Micheline alikuwa ku soko.

Modèle A ni nyeupe, modèle B ni buluu. Vile Asha aliandika ku site, sababu alisema neno matanga kando ya neno ndoa itatisha batu. Site haikuuliza viti ni ya nini. Na sisi, kwa buluu, hatuulizagi.

Tulipakia, mi na Valère, pousse-pousse mbili, mvua ndogo inaanguka. Tulifika. Ku mulango baliweka majani ya ngazi, mti ya mawese. Kwa matanga banaweka, kwa ndoa banaweka. Courant ya umeme ilikuwa imeenda, hakuna muziki. Mama moja mukubwa alikala karibu ya mulango, anakata vitunguu ku beseni, machozi inashuka hata ku shingo.

Nilitoa kofia. Valère alitoa yake. Niliinama.

"Pole sana, mama. Mungu amupumzishe."

"Amupumzishe nani?"

"Marehemu."

Aliangalia mi. Aliangalia nyuma yangu, viti. Ile kilio alipiga, hata ku Wagenia samaki ilisikia.

Papa Dominique alitoka ndani na kiatu moja, kravate ku mukono. "Nani alikufa? Nani alikufa ku parcelle yangu?" Batu banatoka jikoni, banaangalia viti, banarudi nyuma kama ni nyoka. Mi nilibaki na kofia ku kifua. Valère alinigonga na kiwiko, akasema chini chini:

"Papa Feruzi. Angalia keki."

Niliangalia. Iko keki, ngazi tatu, chini ya kitambaa ya kuzuia nzi.

Ile mama ya vitunguu anaitwa Mama Berthe, shangazi ya bibi-arusi. Alikamata mwiko. "Mutoto yangu anaolewa leo, munamuletea viti ya maiti! Nani aliwatuma? Ni bandoki gani, wachawi gani? Na munatoa kofia! Rudisha kofia ku kichwa, wewe mzee!"

Nilirudisha kofia.

Papa Dominique alinisukumia simu yake ku pua. "Nilifinya chini ya viti nyeupe! Unajua kusoma? Chini ya nyeupe!"

Niliangalia. Foto ya viti nyeupe. Chini yake bouton mbili, moja juu ya ingine. Commander, commander. Halafu chini, foto ya viti ya buluu, hakuna bouton. Ku ordinateur iko ingine: nyeupe kushoto na bouton yake kuume, halafu mustari ya chini bouton kushoto na buluu kuume. Inaenda zigzag, iko muzuri. Ku simu kioo iko nyembamba, kila kitu inashuka juu ya ingine. Bouton ya buluu ilipanda, ikakala chini ya nyeupe. Yeye alifinya ile ya chini.

Tulikimbia na pousse-pousse kurudi. Mama Micheline alikuwa amefika. Valère alisimulia yote, hata ile pole ya marehemu, na Asha alimuambia kosa iko ya site. Mama alitoa viatu. Alifunga kikwembe, kitenge yake, na nguvu. Alikamata pousse-pousse ya tatu yeye mwenyewe, mama wa miaka makumi sita na mbili, akasukuma nyeupe ndani ya matope hata commune Tshopo. Asha alisukuma nyuma yake.

Tulifika bibi-arusi bado ku kanisa. Mama alipangusa viti ya kwanza na kikwembe yake. Mama Berthe alisimama na mwiko: "Hata ukileta viti ya dhahabu, buluu iliingia hapa."

Mama Micheline alikala. Mayi inatoka ku nywele, matope hata ku magoti. Alianza kucheka. Nilifikiri atashindwa. Alicheka, alicheka, akaniangalia na kofia yangu, akacheka zaidi, akasema: "Mungu amupumzishe marehemu! Alimuambia mama ya vitunguu!" Papa Dominique alianza. Valère. Mwisho Mama Berthe, na mwiko yake, alikala kando yake, anacheka na anampiga ku bega.

Miaka mbili natumika kwa mama huyu, nilisema iko na sauti ya msumeno. Leo niliona ile sauti inafanya kazi gani.

Lakini ku depo, mbele ya jioni, hakucheka tena. Aliambia Asha: "Ile kitu, uifunge. Kicheko haifanye kazi mara mbili. Andikia mujomba yako."

19 octobre

Site ilifungwa. Asha anakunja nguo.

Kuna kitu sikuandika. Tarehe 11 nilisema iko bien. Ilikuwa haiko bien. Niliona bouton mbili chini ya viti nyeupe. Niliziona na macho yangu, nikajiuliza ya pili ni ya nini. Nikasema nikiandika, ataanza tena, mvua itaisha, atakosa kazi, ataenda Kindu. Niliandika bien. Siku tatu niliandika bien.

20 octobre

Nilianza kwa Asha. Nilimupa kaye, nikamuonyesha ile ya jana. Alisoma amesimama.

"Nilikuomba macho, papa. Sikukuomba huruma."

"Ndiyo."

"Mama angeandika."

"Ndiyo. Mama angeandika."

Ilinikata, sababu ni kweli. Safiya hangenyamaza. Kama chumvi iko mchanga, angesema mchanga.

Halafu nilienda ku biro ya Mama Micheline. Sikutoa kofia. Niliweka kaye ku meza.

"Mama, kosa haiko ya mutoto. Aliniweka niangalie. Niliangalia, niliona, nilificha. Nilitaka abaki. Unifukuze mi."

Alivaa miwani. Alianza ku page ya kwanza. Nilisema, mama, ni tarehe 11 tu. Alisema, keti. Alisoma yote. Alifika ku 4 septembre.

"Sauti yangu kama msumeno?"

"Ndiyo, mama."

"Ya mbao ao ya chuma?"

"Ya chuma."

Aligeuza page. Ku sauti ya Safiya alichelewa sana. Alitoa miwani, akaipangusa, akairudisha. Ku tarehe 18 alisoma mara mbili, nadhani ile ya kicheko.

Alifunga kaye. "Papa Asha, ungesema mbele, ningekasirika siku moja. Sasa nilisukuma pousse-pousse na magoti yangu hii."

"Ndiyo, mama."

"Nilimuambia mutoto mwisho ya mvua." Aliangalia inje, mvua inapiga mabati. "Hii unaona ni nini?"

"Mvua."

"Bon. Afungue ile kitu. Na wewe, ukiandika bien tena, uandike iko bien namna gani."

21 octobre

Asha alirudisha nguo ku kamba. Hakuongea na mi. Anatumika.

24 octobre

Bado haongei. Lakini alinipakulia samaki kichwa. Anajua napenda kichwa.

27 octobre

Asha alikuya ku depo kuuliza Valère na mi. Zamani hakuulizaga namna ya kutengeneza. Anasema aliandika site kwa ordinateur, halafu akaisukuma iingie ku simu. Sasa ataanza ku simu, ordinateur itafuata nyuma.

Valère alimuonyesha na mikono. "Kwetu ku maporomoko, Asha, kila mutego iko na mulango yake, mbele yake, hapa. Haujaona mulango inaenda kukala ku mutego ya jirani. Samaki angepotea, na samaki iko na akili kuliko Papa Dominique."

Asha alichora ile ku kaye yake.

3 novembre

Site mupya. Kioo moja, kitu moja, kila kitu inashuka. Ya kwanza inauliza: Ya furaha? Ya kilio? Bouton mbili, kila moja kama upana ya dole gumba yangu, na fasi kati yabo ya kupitisha kidole bila kosa. Hakuna modèle A, hakuna B. Iko imeandikwa ndoa, viti nyeupe. Matanga, viti ya buluu.

Ukifinya furaha, unaona foto, na bouton ya kila foto iko chini yake, imefungwa nayo. Nilizungusha simu, nikailaza, nikaisimamisha. Haiachane.

Ukifinya kilio, hakuna foto. Hakuna bibi-arusi. Kuna neno pole, na namba mukubwa, na bouton: Tuite. Basi.

Nilimuuliza sababu hakuna foto. "Papa, wewe siku ile, ungeangalia foto?"

Hapana. Singeangalia.

Haiko bien bado: neno "quartier" fasi ya kuandika mutaa, inajificha nyuma ya clavier ya herufi. Nikiandika sioni ile naandika.

4 novembre

Quartier inaonekana. Asha aliniongelesha. Alisema: "Asante kwa quartier."

6 novembre

Ku jua: bien, herufi ni nyeusi kabisa. Ku mvua: bien, nilifinya mara kumi na kidole ya kulowana, ilikosa moja. Na mega kidogo: inafunguka mbele nimalize kufunga kamba ya kiatu. Njo namna iko bien.

Ile moja ilikosa: niliandika sababu niliona.

10 novembre

Mama Micheline alipima mwenyewe. Alikuwa anamenya makemba, ndizi ya kupika, mikono nyeusi ya utomvu. Aliniomba simu. Alifinya furaha, na kidole ndogo, akaitisha viti kumi kwa jina ya Mama Berthe. Simu yake ndani ya kikwembe ililia. Alisoma: viti kumi, nyeupe, ya ndoa, jina, quartier. Hakusema bien. Alisema: "Nani alichafua simu ya Safiya na utomvu?"

Sikumuambia simu iko ya Safiya, ni kaye ilimuambia. Alipangusa kioo na mate na kona ya kikwembe, polepole, kona yenye ilipasuka pia.

14 novembre

Ndoa mbili kwa site. Nyeupe, nyeupe. Kabla ya kupakia nilipiga simu kuuliza. Nitaulizaga kila siku sasa, hata kwa buluu. Unaweza kuuliza polepole.

17 novembre

Mvua inaanza kukonda. Asha anaangalia mbingu. Mi pia.

21 novembre, Ijumaa

Nilikuwa nimetoka ku muskiti, simu ya depo ililia. Asha alikamata. Aliongea maneno tatu, akaandika. "Buluu, makumi tano, Kabondo hapa, avenue ya pili. Papa yake alikufa, saa moja imepita."

Nilifika batu bado kufika. Binti moja tu ku mulango, na simu ku mukono, macho imevimba. Nilitoa kofia. Sikusema marehemu mbele ya kuuliza. Niliuliza polepole, akatingisha kichwa. Nikasema pole.

Tulipanga viti. Akaniambia jina yake ni Patricia. Akasema, bila mi kumuuliza: "Papa, simu yangu ilikuwa inazimika. Mutu aliniambia kuna site. Nilisoma neno kilio tu, macho ilijaa. Nilifinya ile mukubwa, nikasikia sauti ya dada anasema pole. Sasa simu imezima, muko hapa."

Nilirudi nikamuambia Asha vile vile, neno kwa neno. Aligeuka, akapanga karatasi zenye zilikuwa zimepangwa.

Ku ukuta Mama Micheline alikuwa anahesabu bashi. Alisikia. Aliendelea kuhesabu, lakini bashi moja aliihesabu mara mbili.

25 novembre

Jua. Viti yote inje.

26 novembre

Jua.

28 novembre

Mvua iliisha. Mama Micheline aliita Asha ku biro. Mlango ilifungwa. Mi na Valère tulikuwa tunakunja bashi. Tuliikunja mara tatu ile bashi moja.

Asha alitoka na ufunguo ya biro ku kidole. Aliitikisa mbele ya uso yangu, ikalia.

Valère alicheka ile kicheko yake ya kiti ya kwanza. Mi nilisema: "Usipoteze."

Ile tu nilisema. Nilikasirika na mi mwenyewe njia muzima.

30 novembre

Ile sikuweza kusema na mudomo, nilifanya na simu.

Asubui nilikala ku parcelle, mbele ya nyumba, peke yangu. Nilifungua site ndani ya simu ya Safiya. Ya furaha, ya kilio. Nilifinya furaha. Njo mara ya kwanza ninaifinya kwa mi mwenyewe, haiko kupima. Viti: 2. Nyeupe. Jina: Feruzi. Quartier: Kabondo. Saa: kumi. Nikafinya.

Saa kumi Valère alifika na pousse-pousse. Asha alitoka jikoni, mikono na unga. "Tonton Valère, ni nini?"

"Uliza mzee. Iko na sikukuu."

Valère alishusha viti. Moja, mbili. Tatu.

Nikasema niliitisha mbili. Asha alipangusa mikono, akakimbilia simu, uso yake ilibadilika kama tarehe 18. Alifungua, aliangalia, aliangalia tena. "Papa, hapa iko imeandikwa mbili. Ku depo pia mbili. Site haikukosa."

"Sasa ya tatu imetoka wapi?"

Valère alijifanya anafunga kamba.

Ku mulango tulisikia msumeno. "Hodi! Ya tatu ni yangu. Munasimamisha viti nyeupe, hakuna mutu anakala?" Mama Micheline, kikwembe ya kanisa, na sahani ya makemba imefunikwa. Alipita mbele yetu, akageuza kiti ya kwanza, akakala yeye mwenyewe. Akacheka na nguvu, hata jirani alichungulia.

Halafu akatuangalia. "Papa Asha. Umenyima mutoto kiti?"

Asha alikala. Mi nilikala. Niliweka simu ya Safiya ku goti yangu, kioo juu.

Site iko bien. Namna gani: niliitisha mbili, tulikala watatu.